Taa Mpya ya Hadubini ya Mjomba Zadock

Nyalenda, Kisumu
6 Machi 2025

Mjomba Zadock,

Salamu zangu zivuke maji zikukute umeketi mlangoni na chai mkononi. Sisi huku tuko. Dada yako, mama yangu, yuko Awasi na magoti yake. Bado anauza mboga, na bado anagombana na kila mtu anayebonyeza nyanya zake bila kununua. Baba Maryanne alipata kazi ya mjengo huko huko Awasi, anakuja Jumamosi jioni na Jumapili anarudi. Maryanne mwenyewe ana meno sita. Anatembea akishika ukuta, na akianguka anaangalia kwanza kama kuna mtu amemwona ndipo alie. Ulimpa jina la mama yako mzazi, na sasa naona umempa hata maringo ya mama yako.

Simu yako haipatikani tangu Januari. Aloo wa Mamboleo, yule muuza samaki wa omena, ameniambia anavuka kuja kununua huko kisiwani kila wiki, ndiyo sababu nimeamua kuandika. Usicheke mwandiko. Unajua niliishia kidato cha pili.

Sasa neno lenyewe. Ni ile hadubini yako. Mama Satwant mwenye zahanati ametafuta balbu yake Kisumu nzima, akatuma mtu mpaka Nairobi, akaambiwa balbu ya namna hiyo haiji tena. Amesema hivi, na mimi nilikuwa hapo napiga deki: "Mpaka mwisho wa Juni. Kama haiwaki, mimi natoa hii meza yote, naweka kitanda cha wagonjwa." Mjomba, hiyo ni meza yako ya miaka ishirini na miwili. Meza ikitoka, utarudi kukalia nini?

Maana utarudi, si ndiyo? Uliondoka bila kuaga. Uliniambia tu, "Selpha, taa hii imekufa, siwezi kusoma damu gizani," ukachukua kofia. Mimi nikadhani unaenda kununua balbu.

Kuna kijana hapa karibu na bomba la maji anaitwa Byron, anatengeneza tochi na simu. Anasema anaweza kuweka taa ya LED mahali pa balbu. Nimruhusu? Mimi ni wa kuosha vioo tu, naogopa kuharibu. Lakini naogopa zaidi hiyo Juni.

Mtoto wa dada yako,
Selpha


Mageta
19 Machi 2025

Selpha,

Barua nimeipata. Simu yangu ilizama ziwani, na sioni haja ya kununua nyingine. Barua ni bora, haikatizi mtu.

Mama yangu Maryanne anaendeleaje? Hujaniambia habari ya homa. Je, ile homa ilirudi tena? Niambie kweli.

Mwache huyo Byron afanye. Asiguse lenzi. Asifungue juu, afungue chini tu. Kile kioo cha bluu kilicho juu ya tundu la mwanga kisiguswe kabisa, kibaki pale pale. Na muhimu kuliko yote, mwambie aweke taa yenye nguvu. Siyo ya kubahatisha. Mwanga uwe mkali kuliko ule wa zamani mara mbili. Shida ya ile mashine ilikuwa mwanga tu, hakuna kingine.

Safari nyingine andika kwa kalamu nyeusi, tena nene. Mwandiko wako umekuwa mdogo kama mayai ya chawa.

Zadock


Nyalenda
3 Aprili 2025

Mjomba,

Haya, nimenunua kalamu nene. Ikipenya nyuma ya karatasi ni wewe umetaka. Lakini mbona unasema mwandiko wangu, na wako mistari inapandana kama mbuzi? Kwenye "Maryanne" umeandika herufi moja juu ya nyingine. Ulikuwa ndani ya mashua?

Mama yako hana homa. Nilikwambia ile ya Desemba ilikuwa homa ya meno, na meno yenyewe si hayo yametoka. Tuiache.

Byron alikuja Jumanne. Kufungua tu, akapiga mluzi: "Mama Maryanne, hii kitu ilizaliwa kabla yangu." Akatoa kishikio cha balbu, akaweka taa ndogo ya LED, akaiunganisha na zile waya za ndani zinazotoka kwenye transfoma. Ikawaka! Nikapiga kigelegele. Lakini mwanga ulikuwa unatetemeka kama mtu aliyenyeshewa, kichwa kikaanza kuniuma, halafu harufu, halafu giza. Byron akakuna shingo: "Ah. Umeme wa humu ndani unaenda mbele unarudi nyuma. Taa hii inataka uende mbele tu." Nikamuuliza, hilo hungelijua kabla ya kuichoma? Akasema sasa ndiyo ameijua.

Alhamisi akarudi na nyingine. Safari hii transfoma akaiacha kando, akatumia chaja ya simu na kile kidude cha kupunguza nguvu alichotoa kwenye tochi. Ikawaka, ikatulia. Mama Satwant alikuwa kwa wagonjwa, nikachungulia mimi mwenyewe.

Mjomba, sijui nikwambieje. Katikati ya damu kuna mraba. Mraba wa manjano, una pembe nne, una vidoti ndani. Nilidhani nimegundua ugonjwa. Nikaweka slaidi ya mtu mwingine, mraba upo. Nikaweka ya tatu, upo. Nikajichoma kidole nikaweka damu yangu, upo! Nikakaa chini nikasema Mungu wangu, Nyalenda nzima imekwisha. Halafu nikaweka kioo kitupu kilichooshwa na mkono wangu huu. Mraba upo.

Hapo ndipo nimekwama. Kitu kisicho ndani ya damu kinaonekanaje ndani ya damu? Nijibu haraka, sijamwambia mtu.

Selpha


Mageta
22 Aprili 2025

Selpha,

Anayeandika ni Mwalimu Robinson, jirani yangu aliyestaafu. Mimi nasema yeye anaandika, kwa sababu mwiba wa samaki umeniingia kidoleni. Mvua imenyesha wiki mbili, mashua hazikuvuka.

Nimecheka, na Robinson amecheka kwa niaba yake. Mraba huo ni sura ya taa yenyewe. Balbu ya zamani ilikuwa na waya, hii ina kijipande cha mraba, na lenzi zinakuonyesha kile kilicho mbele yake. Weka kitu cheupe chenye ukungu kati ya taa na tundu. Kata kipande cha plastiki cha mfuko wa maziwa, au sugua kioo kwa msasa mpaka kisionyeshe uso. Mwanga utapita, mraba utabaki nje.

Pili, taa ikae kimo kile kile waya wa balbu ulipokuwa, isiwe juu wala chini. Tatu, mbele LED ni baridi lakini mgongoni inachemka. Byron aibandike kwenye bati la alumini. Kifuniko cha sufuria kuukuu kinatosha.

Nne, ongezeni nguvu. Hujaniambia ni mkali kiasi gani. Nataka mwanga ambao hata mtu aliyechoka ataona nao.

Na mama yangu? Anakula? Akiitwa anageuka? Wakati mwingine homa kali huacha kitu kichwani kwa mtoto. Mwite kwa nyuma uone kama anageuka.

Zadock


Nyalenda
8 Mei 2025

Mjomba mpendwa, na Mwalimu Robinson unayesoma, hamjambo,

Pole kwa mwiba. Weka chumvi na maji ya moto.

Nimemwita Maryanne kwa nyuma. Aligeuka, akanitupia kijiko. Umeridhika?

Sasa sikia. Kifuniko cha sufuria nilitoa changu, cha ile ya ugali, na baba Maryanne aliuliza ugali unaiva vipi uchi. Plastiki ya maziwa imefanya kazi, mraba umeenda! Nililia kidogo, nisikudanganye. Duara lote jeupe, safi, kama sahani.

Nilisema jeupe, lakini tulipoweka damu kila kitu kikawa bluu. Mama Satwant akachungulia, akasema, "Hii damu ni ya samaki?" Nikamwambia ulikataza kioo cha bluu kisiguswe. Akanitazama. Akakichomoa kwa vidole viwili, na rangi zikarudi, waridi mahali pa waridi na zambarau mahali pa zambarau. Akasema, "Hiki kilikuwa cha kufanya taa ya manjano ikae nyeupe. Taa sasa ni nyeupe tayari. Zadock anajua! Mimi nilifundishwa na Zadock!" Akaondoka akitikisa kichwa. Mimi pia nimebaki natikisa. Ulisahau, Mjomba? Wewe?

Na kuna jambo lingine. Kuna Sydney, kijana wa maabara anayekuja Ijumaa kutusaidia mpaka Juni. Ulisema tuongeze nguvu, Byron akaongeza. Sydney aliinama, akaruka nyuma na mkono machoni: "Wee! Mnaangalia damu ama mnachomelea geti?" Tukapunguza nusu. Akaruka tena. Tumepunguza mpaka robo ndipo anakaa. Mama Satwant pia ni robo. Mimi robo.

Basi sielewi. Watu watatu tunaomba ipunguzwe, na wewe uliyeizoea kuliko sisi wote unaomba iongezwe. Hata zile balbu za mwaka jana, ulinunuliwa tatu, na kila moja ukasema haina nguvu. Mama Satwant amekumbuka hilo leo.

Njoo uone mwenyewe. Meza ipo, kiti kipo, nimekifuta vumbi. Amesema ukija kabla ya mwezi Juni kuisha, kazi ni yako. Niambie tu ni siku gani nije stejini nikupokee.

Selpha


Nyalenda
5 Juni 2025

Mjomba,

Salamu. Sisi wazima. Mama ananunua dawa ya magoti, haimsaidii, ananunua tena.

Aloo amevuka mara nne tangu niandike na mara nne amerudi mikono mitupu. Nimembana juzi pale Mamboleo mpaka akasema. Anasema barua yangu ulipewa, ukatoka nayo juani, ukaiinua hivi mbele ya uso, ukaishusha, ukaitia mfukoni. Anasema mwiba huna habari nao, umekaa unafungua mafundo ya nyavu kwa vidole vyote kumi. Halafu akasema alikusalimia, nawe ukamjibu, "Habari, Mama Owiti." Aloo, ambaye umekula omena yake tangu sijazaliwa!

Nimelala na hayo siku mbili. Umenikasirikia? Ni kwa sababu ya kioo cha bluu, kwamba tulikitoa? Au hutaki kurudi na unaona haya kusema? Ukisema hutaki nitaelewa. Nisichoelewa ni kumtengenezea taa mtu asiyetaka kuiangalia.

Au kuna mtu amekwambia neno kunihusu? Kama kuna neno la Desemba, Mjomba, mimi sijasema kwa mtu. Sikusema.

Zimebaki wiki tatu.

Selpha


Mageta
14 Juni 2025

Selpha, binti yangu,

Ni mkono wa Robinson tena. Hakuna mwiba. Nimemwomba aandike kila neno kama ninavyolitoa, hata nikinyamaza aningoje.

Hukusema neno la Desemba, ndiyo. Ulisema homa ya meno. Ulikaa pale wodini na mtoto ana sindano ya maji kichwani, ukanitazama usoni, ukasema, "Ni meno, Mjomba." Ulipoenda kuchota maji nilichukua kadi kitandani. Sikuweza kuisoma. Nilimpa nesi, nikamwambia nimesahau miwani. Akanisomea: malaria kali, vijidudu vingi. Na siku mbili kabla mimi nilikuwa nimeshika damu yake hiyo hiyo, nikaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna kitu. Ukaenda nayo nyumbani kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Mtoto niliyempa jina la mama yangu. Mama yangu alishikwa na degedege mikononi mwako kwa sababu yangu.

Nilirudi maabara, nikatoa ile slaidi kwenye sanduku, nikaiangalia tena. Nikaangalia wiki mbili, kila asubuhi, kabla hujaja kufagia. Naona ukungu. Nikasema ni taa. Uliponiandikia habari ya LED, nilishukuru Mungu, kwa maana kama ni taa basi ni taa, na taa hubadilishwa.

Halafu ukaniandikia kwamba watu watatu mnaruka nyuma.

Kioo cha bluu sikusahau. Kila kitu kwangu ni cha manjano sasa, Selpha. Maziwa ni manjano. Karatasi hii ni manjano. Nilidhani hata hiyo taa mpya itakuwa hivyo.

Ndani ya kiberiti alichobeba Aloo kuna slaidi hiyo, imefungwa kwa pamba. Ina herufi M pembeni. Iweke chini ya taa yako, angalia, uniambie kilichomo. Labda kweli hakikuwamo kitu siku ile na vijidudu vilikuja baadaye. Huwa inatokea. Labda vilikuwamo. Mimi siwezi kukaa hapa bila kujua, na hapa hakuna wa kuniangalizia.

Usiniambie meno.

Zadock


Nyalenda
26 Juni 2025

Mjomba wangu,

Safari hii sikuanza na salamu kwa sababu najua unangoja. Mwalimu Robinson, soma polepole.

Kiberiti kilifika Ijumaa. Niliingia nacho msalani kwanza, nikafunga mlango, nikakishika tu. Nikawaza: naweza kumwambia hakuna kitu. Nani atajua? Slaidi ninaziosha mimi. Kusugua mara moja na sabuni, basi. Nilidanganya mara moja kwa upendo, ya pili ingekuwa rahisi. Halafu nikakumbuka ulichosomewa kwenye ile kadi, jinsi uongo wangu ulivyokukalisha kisiwani miezi sita na mraba wako mwenyewe ndani ya macho. Nikatoka.

Sydney alikuwa hapo. Sikumwambia ni ya nani. Alitia tone la mafuta ya lenzi, taa ikiwa robo, akaangalia. Hakukaa hata dakika. "Huyu mtu aliishi?" akaniuliza. Nikamwambia jana amevunja kikombe. Akasogea, akasema angalia.

Nimeviona, Mjomba. Ni pete ndogo ndogo za bluu, kila moja na kidoti chekundu kama pete ya mkononi yenye jiwe. Ni nyingi. Vilikuwamo siku ile. Ndiyo jibu.

Sasa umesikia, na mimi nimelisema, na dari halijaanguka. Maryanne yuko miguuni pangu anakula karatasi.

Ngoja nimalize. Nilimweleza Sydney habari ya manjano, na mistari inayopandana, na Mama Owiti. Yeye si daktari wa macho, na alisema hivyo, lakini alisema inafanana na mtoto wa jicho, ukungu unaoota kwenye jicho lenyewe, na mara nyingi huo hutolewa. Kuna madaktari wa macho watakuja hapa mjini tarehe kumi na tano Julai. Nimeandikisha jina lako bila kukuuliza. Ukikasirika, kasirika ukiwa kwenye foleni.

Mama Satwant nilimwambia yote. Nilitegemea kelele. Alikaa kwenye kiti chako, akavua miwani, akasema, "Miaka ishirini na mbili anatuangalizia, na sisi hata mmoja hakumwangalia." Halafu akasimama, akawa mkali tena: "Meza inabaki. Selpha, wewe utajifunza kupaka damu na kutia rangi. Zadock atakaa hapa akwambie. Mdomo yake haina ukungu." Mpaka macho yatakapoamuliwa kila slaidi ataisoma Sydney. Hiyo ni sheria, hata ukinung'unika.

Kwa hiyo hata macho yakikataa, kiti ni chako. Ulijua mraba ni nini bila kuuona. Mimi niliuona nisijue.

Bado mambo mengi yamenichanganya. Sijui nilipaswa kukukasirikia lini, nimetafuta hiyo siku sijaipata. Labda iko mbele. Ikija nitakwambia, sitasema ni meno.

Mwalimu Robinson, asante. Karatasi inayofuata usimsomee. Mpe mkononi atoke nayo juani. Nimeiandika kwa masizi ya sufuria ile isiyo na kifuniko, herufi moja kimo cha kidole changu, na alama iliyo chini ni mkono wa Maryanne mwenyewe, niliuchovya.

Selpha


NJOO.

MAMA YAKO

ANAKUITA.